Emerson na Fundo la Zizini

"Basi nikatwe mikono kabisa, tujue moja!" Emerson alifoka, kamba ameikunja mkononi kama nyoka aliyemuua mwenyewe. "Mwanaume mzima nashindwa kufunga mzigo wangu, kwenye gari langu, eti mke wangu ana mimba!"

"Foka tu," Bibi Desbah akamjibu bila kuinua macho kwenye unga aliokuwa akiukanda. "Ukifunga fundo, mtoto akaja kazongwa na kitovu shingoni, usije kwangu kulia."

"Bibi, kuni zitamwagika barabarani!"

"Zimwagike. Kuni zinaokotwa."

Emerson akaitupa kamba ndani ya pikapu akabamiza mlango. Bibi Desbah akaendelea na unga wake. Alikuwa bibi yake Rolanda, mke wa Emerson, na kila kitu katika uwanja ule chini ya milima ya Lukachukai kilikuwa chake: nyumba ya magogo ya duara, nyumba ya mbao iliyo pembeni, zizi, kondoo, mbwa na huyo mkwe. Kwetu Wanavajo mwanaume ndiye anayehamia kwa mke, na akishahamia anajifunza kunyamaza. Emerson Manygoats alikuwa bado yuko darasa la kwanza.

Sheria yenyewe haikuwa ngumu. Mimba ikishaingia, baba na mama wa mtoto hawafungi fundo la aina yoyote, iwe kamba, iwe uzi, iwe kiatu. Rolanda haikumsumbua. Aliendelea na kazi yake ya kuhesabu chakula cha watoto jikoni shuleni, akavaa viatu vya kuchomeka miguu, akaacha kufuma, akanenepa kwa raha zake. Aliyeteseka ni Emerson, maana yeye riziki yake ilikuwa mafundo. Kubeba nyasi za mifugo na kuni za mierezi kila mwenye gari anaweza, lakini bonde zima lilijua kwamba mzigo aliofunga Emerson unaweza kupinduka na gari lake na bado usiachie. Watu walimwita hata kwenye harusi aje kufunga turubai. Sasa alikuwa anabana marobota kwa mikanda ya chuma, ile ya madereva wa malori makubwa, na kila akifika kwenye pampu ya maji binamu zake walikuwa wanamsubiri.

"Emerson, suruali nayo nani anakufungia siku hizi?"

"Ana vifungo, mwenzenu," mwingine akajibu. "Lakini asubuhi lazima Bibi Desbah avikague."

Alicheka nao, akarudi nyumbani na hasira, na hasira zote akazimalizia kwenye kazi. Alipasua kuni hadi rundo likaziba dirisha. Alijaza mapipa ya maji, akazibua bomba la jiko, akapaka chumba rangi, akaikataa, akapaka nyingine. Njia ya vumbi inayotoka nyumbani hadi barabara kuu aliikokotea reli ya zamani kwa mnyororo nyuma ya gari, kuilainisha, ili siku ya uchungu mkewe asirushwerushwe. Mvua ikanyesha, njia ikaharibika, akairudia.

Kitu kimoja tu hakuruhusiwa kukigusa, nacho ndicho alichokitaka kuliko vyote: ubao wa kumlazia mtoto. Ubao ni kazi ya baba, lakini haukatwi kabla mtoto hajafika. Emerson alikuwa ameshauchagua msonobari huko juu, mzuri, ambao radi haikuupiga. Akawa anapanda kwenda kuutazama, anauzunguka, anarudi. Ungedhani anaposa.

"Tulia, Emerson," Rolanda akamwambia. "Mwenye tumbo ni mimi, lakini wewe ndiye usiyelala."

"Nani kasema silali?"

"Kitanda kimesema. Na hizo kuni dirishani, unaniwekea kuni au unanijengea jela?"

Basi ukaja mwezi wa Machi na upepo wake. Upepo wa kwetu wa mwezi huo hauna adabu, unabeba mchanga, ndoo, kuku, chochote kilichosahauliwa nje. Emerson alikuwa anarudi kupeleka nyasi, akapita ng'ambo ya korongo kwa Mzee Kee Bitsuie. Kwa kawaida akipita pale alikuwa anageuza uso upande wa pili. Mzee Kee alichukua kwake gari zima la nyasi kipindi cha baridi, akasema, "Nitakulipa theluji ikiyeyuka." Theluji iliyeyuka, ikaanguka nyingine, nayo ikayeyuka. Si kwamba mzee ni mwizi. Ni mjane, mbishi, na hana kitu. Basi mmoja aliogopa kudai, mwingine aliona aibu kudaiwa, wakaishia kukwepana kama wachumba walioachana.

Siku hiyo lakini Emerson hakuweza kugeuza uso. Mzee alikuwa juu ya ngazi, kofia imeshakwenda, mkono mmoja ameshika ngazi, mwingine ameng'ang'ania mabati ya paa la zizi yaliyokuwa yanapigapiga kama yanataka kuruka. Chini yake kondoo majike wamejaa, matumbo hadi magotini.

"Shuka, Mzee! Utakufa!"

"Wakifa hawa, mimi nabaki kufanya nini? Lete kamba!"

Kamba ya mzee ilikuwa pale, ndefu, nzuri. Mikanda ya chuma ya Emerson ilikuwa mifupi. Alisimama kidogo, akatazama kule kwao kana kwamba Bibi Desbah angemwona kutoka ng'ambo. Kisha akairusha kamba juu ya paa, akapanda, akaizungusha kwenye ncha ya nguzo iliyotokeza juu ya mabati, akavuta, akafunga. Sikufichi, mikono yake ilifurahi kama mlevi aliyeonja baada ya kuacha. Alifunga fundo zuri kuliko yote aliyowahi kufunga, akalipiga na ngumi, akaridhika.

Nyumbani Rolanda akauliza, "Ulikuwa wapi?"

"Upepo ulinichelewesha," akasema, akaenda kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji.

Upepo ulikuwa haujatulia bado uchungu ulipoanza. Bibi Desbah akaanza kutoa amri. "Fungueni kila kitu!" Farasi wakafunguliwa, lango la zizi likaachwa wazi, kondoo wakatoka wakaenda kula bustani ya watu. Nywele za Rolanda zikafumuliwa. Verna, dadake Rolanda, akafungua hadi kamba ya gunia la viazi, viazi vikatapakaa jikoni. Emerson akaendesha kwenye ile njia yake aliyoilainisha, taratibu, kama amebeba mayai, hadi hospitali ya mjini.

Pale walimtundikia Rolanda mkanda mwekundu wa kufuma kutoka darini, akawa anaushika na kuuvuta kila uchungu ukija, kama walivyofanya mama zake. Alivuta siku nzima. Kesho yake bado anavuta. Nesi aliingia, akapima, akatoka, akarudi.

"Mtoto amesimama palepale," akasema. "Moyo wake unakwenda vizuri, lakini hashuki. Mama anachoka. Asipobadilika, daktari atampeleka kupasuliwa."

Bibi Desbah, aliyekuwa amevua pete na bangili zake zote, akanyanyuka kwenye kiti. "Nani humu amefunga kitu?"

Verna akainama haraka akafungua viatu vyake. Bibi akamgeukia Emerson, akamtazama hadi jasho likamtoka.

"Mimi mikono yangu safi, Bibi."

Akasema hivyo, na papo hapo akaificha mikono mifukoni. Akatoka kwenda ukumbini. Akaenda, akarudi, akaenda.

"Shemeji, utatoboa sakafu," Verna akamwambia. "Kaa ule hata mkate."

"Siwezi."

"Nani anazaa hapa, wewe?"

Mtu wa kusoma atakwambia kamba ya zizini na mtoto wa hospitalini havijuani. Emerson naye alijiambia hivyohivyo. Alijiambia akiwa mlangoni, akajiambia akiwa dirishani. Lakini alipoingia kumwona mkewe, nywele zimemganda usoni, Rolanda akaachia mkanda akasema kwa sauti ndogo, "Emerson, nimechoka. Sina tena."

Hapo maneno ya kujiambia yakamwishia.

"Nakuja sasa hivi," akasema, akachukua funguo.

"Unakwenda wapi? Emerson! Unakwenda wapi?" Verna akamwita.

"Mwacheni akimbie," Bibi Desbah akasema. "Kuna wanaume miguu yao inazaa kabla ya wake zao."

Emerson aliendesha gari bila hata kujua ameshika gia gani. Alimkuta Mzee Kee zizini, amepiga magoti, mikono imeloa, mwanakondoo mpya anatikisa masikio mbele yake na jike jingine linahema pembeni.

"Mzee, nimekuja kufungua ile kamba."

Mzee Kee akasimama polepole. "Hii ndiyo njia ya kunidai nyasi zako?"

"Si nyasi. Fundo. Nataka kulifungua."

"Kondoo wangu wanazaa, upepo unauona, wewe unataka kuondoka na paa? Ungenitukana tu ikaisha!"

"Kata basi kamba nikununulie nyingine..." Akajisahihisha mwenyewe. "Hapana. Ikikatwa fundo linabaki. Lazima lifunguke."

Mzee akamkazia macho. "Kwa nini lifunguke?"

Emerson akayatoa yote pamoja. "Rolanda yuko hospitali tangu jana. Mtoto hashuki."

Mzee Kee akajifuta mikono kwenye suruali. Alipofoka, alifoka kweli.

"Na ulinifungia hii kamba wakati mkeo mjamzito? Una akili wewe? Mbona hukusema? Mimi ningelala juu ya hayo mabati mwenyewe! Panda! Unasubiri nini, upelekewe barua?"

Emerson akapanda. Na fundo likamkatalia. Lilikuwa limenyeshewa, likakauka, likavutwa na upepo, likawa gumu kama kokwa. Akalivuta kwa kucha, kucha ikavunjika. Akaliuma.

"Si ulikuwa unajisifu," mzee akapiga kelele kutoka chini, "mafundo yako hayafunguki!"

"Nipe bisibisi!"

"Nikupe na sala?"

"Vyote!"

Alichomeka bisibisi, akasukuma, akatoboa kiganja, akasukuma tena. Alilaani kila mtu aliyewahi kumsifia mikono. Kisha kitu kikalegea kidogo, kikalegea zaidi, na fundo likafumuka kwa ghafla akaanguka kifudifudi juu ya bati. Kamba ikateleza chini. Wakati huohuo upepo ukaingia chini ya mabati, paa likanyanyuka naye juu yake.

"Lala hapohapo!" mzee akalia. "Lala! Nakuja na matairi!"

Alikuwa na matairi makuukuu nyuma ya nyumba, kama kila mtu. Akawa anayaviringisha mojamoja, anayapandisha kwenye ngazi kwa bega, anapumua kama mashine mbovu. Emerson amelala pale kama mjusi, mikono na miguu ametanua, hospitali iko kule, yeye yuko huku, anakandamiza bati la watu.

"Nenda kwa mkeo!" mzee akamwambia baada ya tairi la pili. "Paa likienda, liende!"

Emerson alitaka kwenda. Kila kiungo kilitaka. Chini yake yule mwanakondoo akalia, sauti nyembamba, ya kipuuzi, na Emerson akabaki. "Lete tairi," akasema. "Kimbia, Mzee, usiongee."

Walipomaliza, paa limekaa, Emerson aliruka chini bila ngazi. Alipofika juu ya kilima, pale simu zinaposhika, simu yake ikaanza kulia. Alikuwa Verna, lakini hakusikia maneno, alisikia kelele tu, na nyuma ya kelele za Verna kulikuwa na nyingine, kali, ya mtu ambaye hajawahi kukasirika kabla ya siku hiyo.

Mtoto alikuwa binti. Bibi Desbah alisimama mlangoni mwa chumba cha hospitali amemfunika, akamtazama baba mtu kuanzia kofia hadi buti: shati limepakwa kutu, kucha zimevunjika, nyuzi za kamba zimenasa kwenye damu ya kiganja. Alizitazama zile nyuzi kwa muda mrefu.

"Kanawe kwanza," Bibi akasema, "ndiyo umshike."

Baadaye, walipobaki wawili, Emerson akainamia kitanda. "Rolanda, nilifunga fundo. Moja. Kwa Mzee Kee."

"Najua."

"Unajua?"

"Ile siku ya upepo ulirudi unatabasamu peke yako. Nikajua huyu kafunga kitu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme Bibi akufukuze, halafu kuni anipasulie nani?" Akafumba macho. "Lakini jana nilitamani kukuua."

Mama na mtoto walipokwisha rudi nyumbani, na ule msonobari umeshalala uani unakaushwa, Mzee Kee alivuka korongo kwa miguu. Alikuwa amevaa shati safi na kofia ya kuazima. Chini ya kwapa alibeba ngozi ya kondoo, nyeupe, nene, iliyooshwa na kuchanwa hadi ikawa kama wingu. Hakukaa. Alimnyooshea Emerson.

"Ya kumlazia mtoto. Hizi ndizo nyasi zako."

"Mzee, nyasi zile nilishazisahau."

"Umesahau wewe. Mimi sijasahau hata siku moja. Shika, usinifanye ombaomba mbele ya mtoto."

Bibi Desbah alikuwa ameshaifikia. Akaipapasa manyoya, akaigeuza, akainusa. "Umeacha miiba hapa karibu na mkia," akasema.

"Macho yako bado makali, dada."

"Na huku pia."

Emerson akaichukua kwa mikono miwili. "Basi, Mzee. Tumemalizana."

"Tumemalizana," Mzee Kee akasema, na kwa mara ya kwanza akavuta kiti akakaa. "Haya, nipeni kahawa. Halafu mkwe wa watu, marobota mawili ya nyasi unaweza kuniletea lini?"