Mizani ya Maguu Haijaharibika, Imefungwa

Tangu Juni mizani ya chama cha kahawa haijapima kilo hata moja. Haijaharibika. Imefungwa na watu wanaogombania leseni ya programu inayoiendesha, na hakuna kati yao aliyewahi kukanyaga kijiji cha Maguu.

Saa moja asubuhi Mansuetus Kinunda, 53, karani wa mizani, anafungua ghala, anafagia sakafu isiyo na punje, anakaa. Jirani yake Kunigunda anapita na debe la kahawa kichwani.

"Umeamkaje, bwana kompyuta?"

"Salama, mama. Leta basi nikupimie."

"Unipimie na nini, macho?" Anacheka, hasimami.

Ugomvi wenyewe si mgumu kuuelewa. Waliobuni programu hiyo waliitoa bure kwa yeyote, kwa sharti moja la leseni: atakayeiboresha naye asiwafiche wengine alichoongeza. Kampuni moja ya mjini iliiboresha, ikaficha, ikakiuzia chama kama mali yake. Wabunifu walipolalamika, kampuni ikazima mtambo unaoendesha mizani. Hesabu za kilo za wakulima zimebaki humo ndani.

Aliyewashawishi wakulima waikubali programu hiyo ni Mansuetus. Wamatengo, kabila la huku, wana sengu, ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo yao. Hapo ndipo aliposema, mwaka juzi, kwamba stakabadhi za karatasi ziachwe.

"Nilisema mbele ya chakula," anasema. "Kwetu neno la kwenye sengu hulirudishi. Nilisema naijua ile programu. Kumbe nilijua kubonyeza tu."

Sasa wengi wamerudi kwenye magoma, kuuza kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Mansuetus ni mjane. Anajipikia ugali, anakula peke yake.

"Hawakunifukuza. Nikifika kwenye sengu wananyamaza mpaka ninawe mikono niondoke. Nikaacha kwenda."

Jumamosi anakusudia kutundika mizani ya zamani kwenye boriti, apime mlango ukiwa wazi, kila mtu akiona, na kuandika stakabadhi kwa mkono. "Hata akija mmoja, nitampimia huyo."

Mpaka leo leseni hiyo imemgharimu Mansuetus hivi. Kati ya wanachama mia mbili na kumi na wanne, wamebaki kumi na mmoja. Karani mwenzake, Ignatio, ameteremka ziwani, Mbamba Bay, kuuza dagaa. Na kaka mmoja wa Mansuetus, Urbani, wa ng'ambo ya korongo, ambaye akimwamkia shikamoo hageuki.