Pima Nane Angani

Chrrr. Ndivyo ukindu ulivyolia mama yake alipouvuta kati ya kidole gumba na kisu, barazani kwao Lupiro. Mpaka leo, akiwa na miaka hamsini na nane, Balbina akiikumbuka sauti hiyo mikono yake haitulii. Amesuka akiwinga ndege kwenye mpunga, amesuka kwenye foleni ya zahanati, amesuka kwenye mazoezi ya kwaya hapa Ifakara mpaka mwalimu akamwambia achague moja. Akachagua kuimba huku anasuka.

Basi siku alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, Dar kwenda Mwanza, alipanda na ukili wake, ule ukanda wa kushonea mkeka, wa zambarau na kijani, umeviringwa mapajani kama gurudumu. Binti yake Digna alikuwa amejifungua huko ukweni, wiki mbili kabla ya siku zake. Mtoto angetolewa nje saa kumi jioni hiyo hiyo, na kwa akina Balbina mtoto akitolewa nje hulazwa kwenye mkeka uliosukwa na bibi mzaa mama. Mkeka wa mtoto ni ukili wa pima nane, zile za mikono iliyotandazwa. Balbina alikuwa na sita na nusu. Kushona angeshona akishafika. Kusuka kulibidi kuishe angani. La sivyo, mama mkwe wa Digna alikwishakausha ngozi ya ndama ya kumlazia mtoto.

Tatizo ni kwamba ukindu mkavu hukatika. Digna alimwonya kwa simu kwamba kila chenye ncha kikae kwenye begi kubwa. Balbina, kwa utii, akatia humo kisu, shazia ya kushonea, na chupa ya maji pia, asije akalaumiwa. Ndege ilipopaa, ubaridi wa juu ukaanza kunyonya unyevu. Chane ya kwanza ya ukindu ikakatika. Ya pili ikakatika.

Akaomba maji. Mhudumu, binti mwenye umbo dogo aitwaye Edna, akaleta kikombe. Balbina akachovya vidole, akalowesha chane, akaomba kingine.

"Mama, hiki cha nne," Edna alisema. "Unajisikia vizuri?"

"Mimi mzima, mwanangu. Mwenye kiu ni ukindu."

Jirani yake kwenye kiti, Masanja, mfugaji wa Kiberege, jirani na Ifakara, anayekwenda kusalimia kwao Mwanza, akacheka. "Shikamoo mama. Ukindu umeupata wapi? Nasikia bondeni umekwisha."

"Marahaba. Mmeumaliza nyie na ng'ombe wenu."

"Ng'ombe wangu hawali mikeka."

"Hawajaonjeshwa tu."

Balbina akamsimulia habari ya mjukuu, mkeka na ngozi. Masanja akamsogezea maji yake. "Lakini ngozi ya ndama ni laini, mama. Mimi mwenyewe nililazwa humo."

"Nilikuwa najiuliza kwa nini unaongea kama unaswaga."

Hapo ndege ikadunda kwenye wingu. Kikombe kikaruka, maji yenye rangi yakatua kwenye suruali ya Masanja, nyeupe ya kuendea kwao. Akalitazama paja lake la zambarau. "Sasa unishone na mimi kwenye mkeka," alisema, na Balbina akacheka mpaka ukili ukamponyoka. Ukabingirika kwenye njia, ukijikunjua, kiti baada ya kiti, hadi mlango wa rubani. Abiria wakaurudisha mkono kwa mkono, kila mmoja na ushauri wake, na mama mmoja wa nyuma akakataa kuachia ncha mpaka aelezwe rangi inachemshwaje.

Balbina akasuka. Ziwa likapita chini, hakuliona. Magurudumu yakagusa ardhi, hakuyasikia. Watu waliposimama na mabegi yao, Masanja akanyoosha mikono yake mirefu kupima.

"Saba."

Balbina akapima kwa yake. "Saba na nusu."

Saa ya mkononi mwa Masanja ilikuwa nane na robo. Balbina akaikagua mikono ya watu wote kwenye njia, mmoja mmoja, kama anayechagua samaki sokoni, hadi macho yake yakamfikia Edna mlangoni.

"Mwanangu, njoo unipimie."

Edna akaja, akatandaza vijikono vyake, na ndege nzima ikahesabu naye. Tano. Sita. Saba. Nane, na kipande cha kidole kikabaki. Watu wakapiga makofi.

"Mama," Masanja alisema, "huu ni wizi."

Balbina akainama, akafunga fundo la mwisho kwa meno, na kusema kwa sauti ndogo kabisa, "Mtoto mwenyewe bado mfupi."