Manjano Kwenye Gauni Jeupe

Jirani yangu hapa Utemini, Singida mjini, ana tabia ya kukaanga bizari nyembamba asubuhi, kwenye kikaango kikavu. Harufu yake huja taratibu. Kwanza ni kama majani makavu yanayochomwa mbali, halafu inakolea, inakuwa chungu na tamu kwa pamoja, na kuingia dirishani bila hodi. Wageni wangu huivuta kwa pua na kusema, "Leo hapa kuna pilau." Mimi hukunja uso. Msinielewe vibaya: pilau naila, na sahani ya pili naomba. Lakini harufu hiyo ikinikuta sijajiandaa, hunirudisha nyumbani kwetu Ikungi nikiwa na miaka tisa, nimesimama juani na bakuli la chakula mkononi, nimejaa wivu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye kibaraza cha duka moja karibu na soko, ambapo mabasi ya Dodoma yalipita yakipiga honi na kuwaamsha mbuzi waliolala kivulini. Alikuwa mtu mpole. Mikono yake ilikuwa laini kuliko ya mama, na kucha alizikata kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani kwa sababu, alisema, ukucha ukikwaruza hariri umekwaruza harusi ya mtu.

Mama alikuwa mpishi, na hilo alilijua. Kuku wa kienyeji alimchemsha mpaka nyama ikalainika, akamkaanga kwa mafuta ya alizeti, kisha akamalizia kwa limau na pilipili kichaa alizotwanga mwenyewe. Pilipili hizo zilikuwa na historia. Baba alipokwenda ukweni mara ya kwanza alipewa mchuzi huo, akala huku machozi na makamasi yakimtoka mbele ya wakwe. Walipomuuliza kama apunguziwe, akajibu, "Niongezeeni." Kisa hicho kilisimuliwa nyumbani kwetu kila Krismasi, na baba mwenyewe ndiye aliyekimalizia: "Pilipili ya mama yenu ndiyo iliyonioa." Mama alijifanya hasikii, lakini siku hiyo alitwanga nyingi zaidi.

Kazi yangu mimi ilikuwa maji. Kaka zangu walikuwa shule ya bweni, kwa hiyo mtoto wa nyumbani nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyeruhusiwa kumnawisha baba isipokuwa mimi. Nilishika jagi kwa mikono miwili, nikamimina polepole, naye akasugua kidole kimoja kimoja kana kwamba anahesabu aone kama vyote vipo. Akimaliza alinirushia matone usoni. Baada ya chakula alinibakizia nusu ya firigisi, ingawa kila mtu alijua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Nilijiona malkia.

Kisha akaja Mama Zulfa.

Alikuwa mjane kutoka Singida mjini. Mama yake alikuwa amepika miaka mingi katika nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi, naye akakulia jikoni humo, akijua viungo kabla hajajua kusoma. Alifungua mgahawa mdogo upande wa pili wa soko, yeye na binti yake Zulfa, aliyekuwa wa rika langu. Haikuchukua muda watu wakaanza kuusema mgahawa ule kama wanavyoisema zahanati. Dereva aliyeumwa jino alipewa karafuu aing'ate, akaondoka anatabasamu. Waliokuwa na mafua walikunywa chai ya tangawizi na mdalasini mpaka vipaji vya nyuso vikalowa jasho. Aliyevimbiwa alipewa maji yaliyochemshwa na bizari nyembamba. Bibi mmoja wa mtaani kwetu aliapa kwamba maziwa ya manjano yamemponya magoti, ingawa mimi nilimwona bado akishuka ngazi za kanisa kinyumenyume.

Mama alisikiliza sifa hizo akiwa ameinamia sufuria.

"Chakula kikisifiwa kwa kutibu," alisema, "ujue kimekosa ladha."

Ndipo baba alipoanza kuacha chakula. Alimega tonge, akalizungusha kwenye mchuzi, akalitafuna muda mrefu, kisha akasema ameshiba. Firigisi alinipa yote. Mwanzoni nilifurahi. Mama alidhani ameshindwa kupika, akaongeza alichojua kuongeza, pilipili. Jikoni tulipiga chafya wote wawili, na baba akala kidogo zaidi.

Siku moja mchana mama alinituma nimpelekee chakula kazini. Nilikuta cherehani imefunikwa kitambaa. Mwenye duka, bila kuinua macho, akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa soko. Nilivuka katikati ya mafungu ya vitunguu, na kabla sijafika harufu ile ilinipokea.

Baba alikuwa ameketi kwenye benchi la Mama Zulfa, uso ameuelekeza ukutani. Mbele yake kulikuwa na sahani ya kitu laini cha njano, kama uji mzito. Alikuwa amemaliza chote. Na Zulfa alikuwa amesimama kando yake na birika, akimnawisha. Alimimina vibaya, kwa pupa, maji yakamwagikia viatu vya baba. Baba hakumkaripia. Alimrushia matone usoni, na Zulfa akacheka.

Sikumwita. Nilirudi na bakuli langu. Mama aliponiuliza kama amekula, nilijibu kwamba sikumkuta kwenye cherehani, na hilo lilikuwa kweli. Mama alilifunua bakuli, akalitazama kana kwamba jibu limo ndani, akalifunika tena. Usiku ule nililala nikimchukia Zulfa kwa namna ambayo sijawahi kumchukia mtu mzima yeyote. Angechukua firigisi, ningevumilia. Yale matone yalikuwa yangu.

Gauni ndilo lililofichua mambo. Lilikuwa gauni jeupe la kipaimara, la binti wa jirani, na baba alilileta nyumbani Alhamisi ili mama alipige pasi. Mama alipolikunjua, pale kifuani palikuwa na alama ya kidole gumba, ya njano, imekaa wazi kama muhuri. Baba, mtu wa kukata kucha kwa ajili ya hariri! Mama alilipeleka puani, akaitambua harufu ya mgahawa wa upande wa pili wa soko.

Alichukua beseni na sabuni ya mche, akasugua. Doa halikutoka. Liligeuka jekundu, jekundu la damu kabisa. Mama alirudi nyuma akanena kitu kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, ambayo aliitumia kwa mambo mawili tu, kusali na kugombana, na sikujua safari hiyo ni lipi. Kisha akalikamua gauni, akalishika mkononi, akatoka. Mimi nilimfuata mbio.

Mama Zulfa alikuwa akichambua choroko. Alituona, akaona gauni, akainuka.

"Karibu, Mama Eliza," alisema. Eliza ni mimi.

"Sikuja kukaa."

Nilisema shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Mama alilikunjua gauni mbele yake. Mama Zulfa alilitazama, akatingisha kichwa.

"Hiyo ni manjano. Umeitia sabuni, ndiyo maana imekuwa nyekundu. Usiogope wala usiisugue tena. Isuuze vizuri, halafu ianike. Jua la huku litaila yote."

"Sijakuuliza habari za kufua," mama alisema. "Nakuuliza mume wangu anakula nini kwako."

"Mseto tu. Mchele na choroko, nachemsha mpaka vivurugike. Natia manjano, tangawizi kidogo na bizari nyembamba. Pilipili situmii."

"Bila pilipili!" Mama alilitamka kama mtu aliyetukaniwa mzazi. "Mume wangu mimi, chakula bila pilipili?"

Mama Zulfa alinitazama, akamtazama mama, akasema kwa sauti ya chini, "Mumeo ana tumbo, Mama Eliza. Linamuunguza miezi sasa. Hakukwambia?"

Mama alilikunja gauni, akalikunjua tena.

"Nilidhani amekwambia. Nimemsihi aende hospitali. Hivi viungo vyangu vinamtuliza, labda kwa sababu chakula chenyewe ni laini. Mimi si daktari. Juzi aliniambia anapata choo cheusi, nikamwambia hapo, baba, sufuria yangu imefika mwisho. Nenda."

Mama aliketi. Ile benchi aliyosema hakuja kuikalia, aliikalia, gauni bichi likamlowesha mapajani. Mimi nilikuwa mtoto, nilicheka moyoni kusikia neno choo likitajwa mbele ya wateja. Nilipomtazama mama ili tucheke pamoja, niliona analia.

"Alikwambia wewe," alisema. "Choo chake, alikwambia wewe."

Jioni hiyo baba aliporudi alikuta uji wa uwele, mwepesi, hauna hata sukari. Jagi la maji mama alilishika mwenyewe. Alimnawisha, naye baba akanyoosha mikono bila kuuliza, na nadhani alikwisha kuelewa.

"Yona," mama alisema. Jina lake hasa alilitaja mara chache sana. "Mkeo ni nani?"

"Wewe."

"Basi kwa nini ugonjwa wako nauokota sokoni?"

Baba aliutazama uji. "Ningesemaje, Mama Eliza? Miaka yote hii nasimama mbele ya watu nasema pilipili yako ndiyo iliyonioa. Leo nikuambie inaniua?"

Nilingoja mama apige kelele. Badala yake alimsogezea kijiko. "Kunywa," alisema. "Kesho tunakwenda hospitali. Ukifa kwa adabu, nitakuzika kwa hasira."

Walipanda basi la kwanza. Hospitalini walimkuta na vidonda vya tumbo vilivyokuwa vikivuja damu. Alilazwa, akaongezewa damu, akapewa dawa ambazo alizimeza kwa muda mrefu baadaye. Nayasema haya waziwazi kwa sababu siku hizi kila simu inaleta ujumbe wa mtu anayetibu kila kitu kwa manjano na asali. Tangawizi inatuliza kichefuchefu, karafuu inatia ganzi jino, na sahani ya mseto imenisaidia mimi mwenyewe siku nyingi ambazo tumbo lilikataa kila kitu. Lakini tumbo la baba lilipona kwa dawa za hospitali, na aliyemsukuma kwenda huko alikuwa mpishi mwenyewe wa manjano.

Gauni tulikuwa tumelianika juu ya ua kabla hawajaondoka, mimi nikawekwa kulilinda lisichafuliwe na kuku. Kufikia Jumamosi jioni kulikuwa kumebaki kivuli hafifu ambacho lazima uambiwe kilipo. Binti wa jirani alipata kipaimara chake, na hakuna aliyejua.

Msitegemee kwamba baada ya hapo mama alimpenda Mama Zulfa, kama inavyokuwa katika hadithi. Alimwendea mara moja kujifunza mseto, akasimama mlangoni wakati wote, akauliza kuhusu kila kiungo kwa nini kinatiwa na kinasaidia nini, akashukuru, akaondoka. Kwa miaka mingi alimsalimia vizuri na kumpelekea kuku kila Idi, kuku mnene kuliko wetu wa Krismasi, kana kwamba anamshindania. Alipotuuliza kama mseto wake ni mtamu kuliko wa yule mwanamke, sote tulijua jibu ni lipi.

Na mimi nilirudishiwa jagi langu. Ila nilipomnawisha baba nilichungulia uso wake kila mara, nikijiuliza kama anailinganisha mikono yangu na mingine. Zulfa sikumsemesha mpaka tulipokutana sekondari. Siku moja, tukiosha vyombo, aliniambia baba yake alifariki kabla yeye hajajua kutembea. Sikuwa nimewahi kuuliza.

Baba alifariki miaka michache iliyopita, mzee, kwa ugonjwa mwingine ambao mama aliujua tangu siku ya kwanza. Baada ya arobaini kupita, tukiwa tumekaa tunapepeta alizeti, nilimuuliza mama nililolibeba tangu utotoni. Je, wakati ule alidhani baba ana uhusiano na Mama Zulfa?

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini.

"Lile lisingenisumbua," alisema. "Mwanamume akifuata tamaa nje, utamgombeza, atakana, atarudi, yataisha. Baba yako hakwenda kwa yule mama kwa tamaa. Alikwenda kuugua." Aliinua ungo, akapuliza makapi. "Kuugua, mwanangu, mtu anatakiwa augulie kwake."

Nina mume sasa, na mume wangu ni mtu mpole. Nikimwona amenyamaza mezani, humuuliza mara moja panauma wapi. Yeye huniambia mimi ni mkali, kwamba huuliza kama askari. Labda. Nilipokuwa mtoto nilidhani wivu ni kumzuia mtu asipendwe na wengine. Sikujua kwamba mama, akiwa amekaa kwenye benchi ile na gauni bichi mapajani, alikuwa akilia kwa sababu mwanamke mwingine alikabidhiwa maumivu ambayo yeye alikuwa tayari kuyabeba.