Mbwa Wetu Marehemu na Nyumba ya Siri

Mbwa wetu alishakufa. Wanangu walimlilia mpaka wakagoma kula.

Sasa niambieni, marehemu alikuwa anafanya nini nyuma ya geti la watu, mtaa wa wenye nazo, ananitikisia mkia?

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Mimi nashona mapazia. Siku hiyo nilitoka kupima madirisha ya mteja, nikapita kwenye geti la jirani yake. Mbwa akabweka mara moja, halafu akaanza kulialia na kukwaruza bati.

Nikachungulia. Sikio la kushoto limekatika ncha.

"Kamanda?"

Weee! Alitaka kung'oa geti.

Huyo ndiye Kamanda ambaye baba watoto wangu alituambia amegongwa na lori, na kwamba amemzika kwa mikono yake. Haikupita muda akafungasha nguo zake, akadai talaka. Mbele ya hakimu akaapa hana kitu, ana pikapu tu. Wakati huo mwenye nyumba alishatuambia mimi na watoto tuhame, na pa kwenda hatuna.

Fundi rangi akafungua geti.

"Dada, unamjua huyu mbwa? Mbona huwa hataki mtu?"

"Hii nyumba ya nani?"

"Ya bosi, yule wa pikapu nyeupe. Mbwa kamleta mwenyewe, anasema mlinzi gharama."

Nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Eeh, huyu huyu! Ndugu yako?"

"Mume wangu. Kwa sasa."

Ubahili ndio uliomponza. Mtu anajenga ghorofa, anashindwa kutafuta mbwa mwingine!

Sikulia. Nilishikwa na hasira. Miaka yote nashona hadi macho yanauma ili tule, yeye anasema biashara imekufa. Kumbe imekufa kwangu tu.

Wakili wangu akafuatilia. Jibu likanikata maini: nyumba imeandikwa jina la mama mkwe.

Siku ya kesi baba watoto akaja na mama yake, kamvalisha gauni jipya. Mama huyo alikuwa anaishi kwenye chumba kimoja kinachovuja, kwa sababu mwanawe alimwambia hana uwezo. Akanipita bila kunitazama. Iliniuma, maana alipougua mimi ndiye niliyemwogesha.

Baba watoto akaapa kuwa nyumba ni ya mama yake. Hakimu akamgeukia mama mkwe, "Mama, nyumba hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

Baba watoto akanitazama, anatabasamu.

"Una uhakika, mama?" hakimu akauliza tena.

"Mwanangu ameapa hapa mbele yenu kuwa ni yangu. Sasa mheshimiwa, mwambie anipe funguo zangu."

"Mama, tutaongea nyumbani," baba watoto akanong'ona.

"Nyumbani wapi? Kule ninakolala na ndoo za kukingia mvua?"

Wakili wa baba watoto akajifanya anatafuta kalamu. Angesema nini? Mteja wake akikana, ameapa uongo. Akikubali, nyumba imekwenda.

Baba watoto akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi mama yake.

Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu, kafungashe. Wewe na wajukuu zangu mnahamia kwangu. Na usinitazame hivyo, ningekuchekea asubuhi huyu angeshtuka."

Hapo ndipo nilipolia, tena kwa sauti.

Tulihamia wiki ile ile. Juzi baba watoto kaja kuomba chumba cha uani. Mama mkwe akamwambia kodi inalipwa mwanzo wa mwezi, na akichelewa atamtolea vitu nje.

Dada zangu, msikubali kuambiwa mlichuma hewa. Kama umetoa jasho lako kwenye ndoa, uliza, fuatilia, dai chako bila kuona haya, hata kama watu watakuita mkorofi.

Mimi wananiita hivyo siku hizi, na ninaitika.