Mbwa Aliyekula Mifupa

Ufagio ndio niliousikia kwanza. Nilikuwa bado nimefumba macho, katika chumba cha kupanga nilichofikia Nakuru jioni iliyotangulia, na nje ya dirisha kitu kilikuwa kikikwaruza changarawe, kikinyamaza, kikikwaruza tena. Kabla sijavuta pazia nilikwisha kuwa msichana wa miaka tisa, niko landhi, zile safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, na vumbi la Menengai limo menoni mwangu.

Kama ulikulia landhi, huna haja ya kuelezwa. Safu yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili na bomba moja la maji. Asubuhi ilinukia moshi wa makaa na uji wa mtama. Upepo ukigeuka, ilinukia magadi ya ziwa. Maganda ya miwa na ya mahindi tuliyatupa popote mkono ulipofika, na upepo ukayafagia barabarani hadi bustani ya mji. Sisi tulikatazwa kuingia bustani ile. Taka zetu ziliingia. Mbwa nao waliingia.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari, serikali ya kikoloni ikikamata watu kwa kutajwa tu. Jumatatu moja bwana afya akaja na karani wake. Alisimama karibu na bomba, leso puani, karani akatafsiri: watoto wa Wazungu wamekanyaga kinyesi bustanini, na mbwa anayechafua anatoka safu hii. Mwenyewe asipojulikana kufikia Jumamosi, mbwa wote watapigwa risasi. Akijulikana, atafukuzwa landhi, yeye na mbwa wake.

Mbwa walikuwa watatu, na mmoja alikuwa wa nyanya yangu. Nyanya hakungoja Jumamosi. Alichukua kijiti akashika njia ya bustani, mimi nyuma yake, majirani nyuma yangu. Alipofika kwenye ua akachutama, akapenyeza kijiti, akachokora kinyesi polepole kama mtu anayechagua maharagwe.

"Wangu anakula pumba," alisema. "Mavi yake ni ya manjano, yana maganda ya mahindi. Haya ni meupe, yanavunjika kama chokaa. Huyu amekula mifupa."

"Mifupa!" Jirani wa chumba cha tatu akapiga makofi. "Kwangu mfupa unachemshwa mara tatu, halafu watoto wanautafuna. Mbwa anabaki kunusa sufuria."

Watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Kila mmoja alikuwa akijiuliza nani katika safu yetu ana nyama ya kumtosha hata mbwa. Wakaanza kuwachunguza mbwa. Wa chumba cha kumi alikuwa ananawiri, manyoya yanang'aa.

Mwenye chumba cha kumi alikuwa mtia makaa wa gari moshi, mtu mpole aliyefiwa na mke. Sisi watoto tulimpenda kwa sababu alijua kuiga mlio wa kila injini. Nyapara wa landhi alimsimamisha bombani, mbele ya foleni yote ya madebe.

"Mzee, hiyo mifupa unatoa wapi?"

"Napewa."

"Unapewa na nani?"

Akainama, akamkuna mbwa shingoni. "Napewa tu."

Jibu hilo liliharibu chakula cha jioni cha safu nzima. Majirani zetu wawili walikuwa wamechukuliwa na gari la polisi kabla ya mvua, na hatukujua nani aliwataja. Ghafla hakuna aliyejali bustani wala Wazungu. Tulitaka kujua nyama ile ilikuwa malipo ya nini.

Kesho yake, akitoka kazini, yule jirani wa chumba cha kumi akazunguka na debe na koleo. Aliokota kinyesi cha mbwa wake na cha mbwa wa wenzake, akaokota na maganda yetu, karatasi, vitambaa, kutoka bombani hadi kwenye ua wa bustani. Njia ile haikuwahi kuwa safi hivyo. Nasi tukazidi kumshuku.

"Mtu asiye na kosa anaokota mavi ya watu ya nini?"

"Anapita akisikiliza. Debe ni la kujifichia tu, dada."

Mimi nilikuwa nimemwona. Jumapili iliyotangulia, nilipotumwa kupeleka mayai upande wa juu wa mji, nilimwona kwenye mlango wa jikoni kwa afisa wa polisi, akipokea kifurushi cha gazeti kilicholowa damu. Nikamwambia mama, naye akawaita majirani. Lo, jinsi watu walivyokaa kimya kunisikiliza! Nilipewa kigoda, nikapewa chai ya maziwa. "Rudia, mwanangu. Mlango wa nani?" Nilirudia. Kila niliporudia niliacha jambo lile lile: kwamba aliyempa kifurushi alikuwa yaya kijana, kwamba alimwita Baba, na mzee akamwekea mkono kichwani. Hakuna aliyeniuliza, na niliona hadithi yangu inanoga zaidi bila yule yaya.

Baadaye sana nilielewa kwa nini hakumtaja binti yake. Msichana anayefanya kazi kwa afisa wa polisi, siku zile, angeweza kuumizwa na waliowinda wasaliti, njiani akitoka kanisani.

Asubuhi ile ya ufagio nilitembea hadi pale. Landhi imebomolewa, bomba limeng'olewa, na bustanini anaingia yeyote, na hata kinyesi cha mbwa sikukiona cheupe tena. Sitakudanganya: ule uji ninaukumbuka kwa mapenzi. Lakini siwezi kuukumbuka bila kuikumbuka Ijumaa ile.

Ijumaa hiyo jirani alikuwa amekwisha kwenda kwa nyapara akasema mbwa anayechafua ni wake, akarudisha ufunguo, na mbwa wengine wakapona. Alipita kwetu mkono mmoja umeshika kamba ya mbwa, mwingine sanduku la bati. Alivua kofia. Mama hakumkaribisha kiti.

"Sikuja kugombana, mama. Nina neno na mtoto."

Akachutama mbele yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Pale mlangoni uliona watu wawili. Hapa umetaja mmoja. Wewe ni mtoto mwenye roho nzuri. Asante sana."

Nilitaka kusema. Nikaishia kumkuna mbwa shingoni, kama alivyofanya yeye bombani.

"Watu wawili gani?" mama akauliza.

"Kwaherini," alisema jirani, akavuta kamba.

Mama alinitazama mimi, akamtazama yeye mgongoni, kisha akanyoosha mkono, akaufunga mlango nyuma yake.