Usimshike Mkono

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha wanafunzi wasioona, shule moja upande wa Rau, nilimshika mkono mtoto aliyekuwa akitafuta mlango. Mkuu wa Kitengo akanikemea papo hapo: "Mwalimu, mwachie! Hapa mtoto mgeni anafundishwa na mwenzake. Kazi yako ni kutazama na kunyamaza."

Kunyamaza! Mimi niliyezaliwa na mdomo. Kila mgeni alikabidhiwa mkubwa asiyeona kama yeye, amfundishe kutandika kitanda, kusoma nukta nundu, yale maandishi ya vidole, na kutembea kwa fimbo nyeupe. Matunda yake niliyaona, lakini roho haikutulia hata siku moja.

Jaribu kubwa lilinipata Marangu. Aika wa darasa la pili alikwenda likizo, na baba yake, mkulima wa kahawa, akatuma ujumbe kwamba harudi tena shule, ataumia. Nikapanda huko na Selina wa darasa la saba, dada mkubwa aliyekabidhiwa Aika. Mzee akatupeleka kwenye mfongo, mfereji unaopita kihambani kwake, shamba la nyumbani. Ulikuwa umefurika kwa mvua, na daraja lake ni gogo.

"Mwalimu, akivuka mwenyewe, mchukue. Akishindwa, mwache hapa hapa."

Selina alitangulia, akagonga fimbo ng'ambo. "Aika, njoo nilipo. Pima gogo kwanza, halafu mguu."

"Dada, linateleza."

"Najua. Vua ndala."

Katikati Aika akasimama. Baba yake akasogea, na Selina akalisikia buti. "Baba, samahani, usimshike." Niliuma kitenge changu nisipige kelele. Mungu wangu, nikawaza, nitamwambia nini mama yake?

Akavuka. Mzee akasema, "Haya. Shule ikifunguliwa nitamleta mwenyewe."

Sasa nimestaafu, niko Shirimatunda. Walimu vijana huniuliza hofu huisha lini. Nawajibu kwamba haiishi, unajifunza tu kuificha, na mimi nilijisifu kwa kuificha vizuri. Juzi Aika, ambaye yuko sekondari na amekabidhiwa mgeni wake wa kwanza, alinipigia simu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mtoto wangu anajifunza ngazi, naogopa. Wewe kule kwenye mfongo ulifanyaje?"

"Marahaba. Nilinyamaza tu, mwanangu."

Akacheka sana. "Ulinyamaza wapi? Ulihema mpaka ng'ambo wakakusikia! Tangu siku ile Dada Selina aliniagiza: ukiwa na Mwalimu tembea taratibu, asije akazirai."