Mke Wangu Anataka Nimpeleke Shambani kwa Shoto

Admin, nifichie jina, maana hapa mtaani kwetu Wattaya, Maskati, tunajuana wote. Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa, Mwomani wa Zanzibar, nina mke mmoja, watoto watano na wajukuu nisioweza kuwahesabu bila kukosea. Tangu ujanani naishi na uongo mmoja, na zimebaki wiki tatu univue nguo mbele ya familia yangu. Msinicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Nilifika Maskati mwaka sitini na nne, baada ya mapinduzi. Miaka mitatu baadaye nilikuwa karani wa stoo kwenye kambi ya mafuta, na hapakuwa na kitu cha kumchangamsha kijana. Kulikuwa na fundi mmoja Mmarekani aliyeletewa magazeti ya kwao kwa furushi, yakifika yamechelewa miezi miwili. Akimaliza kuyasoma ananipa nifungie vipuri. Nami nikawa nayasoma kabla ya kufungia, na kurasa zilizoninasa zilikuwa za besiboli, ule mchezo wao wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo. Sikuwahi kuuona hata siku moja. Fundi alinieleza kwamba klabu yake ina timu kubwa, na chini yake timu ndogo nne za vijana, ngazi kwa ngazi. Kijana akifanya vizuri, anapanda. Hizo timu ndogo wenyewe wanaziita shamba, kwa sababu ndiko wachezaji wanakokuzwa.

Timu kubwa haikunishughulisha. Nilipenda wale wa chini, labda kwa sababu na mimi nilikuwa chini. Nikafungua daftari la maendeleo yao. Majina yao yaliniumiza ulimi, nikawapa ya kwetu kwa kutazama picha: Mrefu, Kidevu, Masikio. Kipenzi changu alikuwa mrushaji wa miaka kumi na tisa anayetumia mkono wa kushoto. Huyo nilimwita Shoto.

Alasiri nikitoka kazini nilikuwa nakaa barazani kwetu Matrah, jirani na Maskati, na mzee wa nyumba ya pili, nitamwita Mzee Nassor. Aliacha mikarafuu yake Pemba, na tangu siku aliyoteremka melini hakuna aliyemwona akicheka. Siku ya kwanza nilianza kumsimulia habari ya mpira na klabu, naye kasinzia na tasbihi mkononi. Alizinduka niliposema shamba. Akaniuliza linaendeleaje. Nikamwambia nina vijana wanne wazuri, ila mvua imewakatiza wiki nzima. Akasikitika kweli. Akauliza watapanda lini. Nikasema Shoto anaumwa bega, lakini akipona, mwezi wa sita inshaallah watapanda wote.

Basi ikawa kila siku ananiuliza: mvua je, bega la Shoto je, wamepanda? Wallahi nilifurahi. Nilidhani katika Maskati nzima nimempata mwenzangu wa besiboli. Hakuuliza shamba liko wapi, na sasa najua kwa nini. Siku zile aliyebakiwa na kitu kule Unguja na Pemba hakukitangaza, na mwenye adabu hakumchokonoa.

Nilipoposa binti yake, Zuwena (si jina lake), nilijua nitakataliwa, maana binamu yake mwenye duka la vitambaa alikwisha kuposa. Nikakubaliwa mimi, karani wa stoo. Nikajiona mjanja. Siku ya nikaha, watu wakila, mzee akanivuta kando akanishika mkono.

"Mwanangu, leo mimi babako. Nambie kweli, mikarafuu mingapi walokuachia?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba shamba langu ni gazeti. Lakini alikuwa anacheka, Mzee Nassor, na watu wanageuka kumtazama. Na Zuwena alikuwa kwenye chumba cha pili. Nikasema, "Kidogo, baba. Lakini ipo."

Maneno manne tu, na yamenitesa maisha yangu yote. Miaka mitatu nilimtungia mzee mavuno kila alipouliza. Mwaka wa sabini gazeti likaja: bega la Shoto limekufa, klabu imemwacha. Nilimkasirikia mtoto wa watu ambaye sikuwahi kumwona. Wiki hiyohiyo mzee alikuwa kitandani, sauti imekwisha, Zuwena kamshika kichwa. Akaniuliza, "Shoto kapanda?"

Nikamwambia, "Kapanda, baba."

Akasema alhamdulillahi. Hakuamka tena.

Tangu hapo kila nikitaka kumwambia mke wangu ukweli, yeye ananitangulia kusema kwamba baba yake alikufa na raha kwa ajili ya lile shamba. Mwishowe nilimwambia liko Pemba, ila limeshikwa na serikali. Nikadhani yamekwisha. Sasa wajukuu wamekata tiketi za Pemba, kwa mapenzi yao, bila kuniuliza, wampeleke bibi yao akalione hata kwa mbali. Nimesingizia magoti, nimesingizia presha. Daktari kasema niko sawasawa. Nimechoka, jamani, nimejichoka mwenyewe.

Juzi nimemkuta anapanga begi. Ametoa daftari langu la sitini na saba, nililodhani limetupwa zamani. Kalihifadhi ndani ya kanga ya mama yake miaka yote hii. Humo hamna ila tarakimu na majina, na majina nimeyaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo anayasoma vizuri tu: Mrefu, Kidevu, Masikio, Shoto. Anasema tukifika atauliza mtu mmoja mmoja mpaka awapate hao vijana wa shamba, na kama wamekufa, awaone watoto wao awashukuru. Tena kamnunulia Shoto shati.

Mlio na wake na mlio na waume, nishaurini, hilo shati nilifanye nini?